Ubao wa Maono Uliokatwa Bila Kipimo

Jumamosi mchana mama alifunika cherehani yake mapema kuliko siku zote. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kazi yake aliifanyia sebuleni, karibu na dirisha. Siku hiyo meza haikuwa na kitambaa. Ilikuwa na kadibodi kubwa, gundi, kalenda za zamani, na picha pekee ya familia.

Wiki ile kikundi cha akina mama kanisani kilizungumzia ubao wa maono. Huo ni ubao wa kubandika picha na maneno ya mambo ambayo familia inayaombea na kuyafanyia kazi. Mama hakusubiri mazungumzo yaishe. Alirudi nyumbani mikono ikimwasha.

Akashika mkasi. Akakata kichwa cha binti yake kwenye picha ya familia, akakibandika juu ya mwili wa muuguzi wa kwenye kalenda. Akakata kichwa cha mumewe, akampa mwili wa mwanamume mwenye tai, aliyekaa nyuma ya meza ya ofisi. Juu akaandika kwa wino mwekundu: MUNGU ATATENDA. Akautundika ubao ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, kama anavyotazama nguo iliyokwisha.

Wa kwanza kuuona alikuwa bibi, mama mkwe wake.

"Huyu ni mwanangu?" bibi akauliza. "Tai imemkaba hivyo, anapumua kweli?"

"Ni maono, mama. Ni kwa imani."

Bibi akautazama ubao juu mpaka chini. "Na mimi niko wapi? Au mmeshanizika, bado kuniambia tu?"

Mama akacheka. Bibi hakucheka.

Jioni baba akaingia, madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba za watu kwa miaka ishirini. Akauona ubao. Kisha akaiona picha ya familia mezani, ina matundu mawili.

"Umenikata kichwa," akasema polepole.

"Nimekuweka ofisini, mume wangu. Nimekuombea makubwa."

"Kumbe miaka yote hii rangi yangu inakutia aibu."

Akatoka kwenda kuoga. Chakula kilipotengwa, hakuja.

Binti alibaki amesimama mbele ya ubao. Alikuwa anamaliza shule mwaka ule. Mkononi alikuwa na fomu ya kuchagua chuo. Fomu ilitakiwa irudi shuleni Jumatatu asubuhi, na saini ya mzazi. Anayechelewa angesubiri mwaka mzima.

"Mama, kichwa changu, mwili wa mtu mwingine."

"Utakuwa muuguzi mzuri, mwanangu."

"Mimi nikiona kuku anachinjwa natapika."

"Utazoea. Andika uuguzi, nisaini."

Binti akaiweka fomu mezani. "Jaza mwenyewe. Si umeshanibandika?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani.

Jumapili walikwenda ibadani mmoja mmoja, kama watu waliokutana njiani. Mama aliimba kwa midomo tu, sauti haikutoka. Waliporudi, baba akakaa uani, amewapa mgongo. Binti akarudi chumbani. Fomu ilikuwa palepale mezani. Mstari wa chaguo la kwanza ulikuwa mweupe.

Saa zilikwenda. Mama akajiambia, "Mtoto hajui lililo jema kwake." Akachukua kalamu. Ncha ikagusa karatasi.

"Hodi!"

Mama akashtuka, akainua mkono. Mlangoni alisimama mwalimu wa chekechea, jirani yao, ambaye ndiye aliyeongoza kile kikundi cha akina mama.

"Karibu, dada."

"Nimekuja kuwaona. Leo mlikaa benchi moja, lakini kila mtu na kanisa lake."

Akauona ubao. Hakucheka. Akasogea karibu, akauchunguza.

"Dada, wewe ni fundi. Umewahi kukata nguo ya mtu hujampima?"

"Thubutu! Nitaharibu kitambaa cha watu."

"Na hawa, ulimpima nani?"

"Lakini nilisali," akajitetea.

"Ulisali kabla ya gundi au baada ya gundi?"

Mama akatazama chini. "Baada."

"Basi hapo ndipo tulipopotea njia. Tunasali kwanza, na tukisali tunanyamaza tusikilize. Kisha tunamuuliza kila mtu wa nyumbani, na kila mtu anabandika lake kwa mkono wake. Ubao hauwezi kumshurutisha Mungu. Wala si fimbo ya kuwachapia watu wa nyumbani." Akautazama tena. "Halafu wewe mwenyewe sikuoni. Uuguzi ni ndoto ya nani, dada?"

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage, akaacha. Mama akaiweka kalamu mezani.

"Yangu," akasema. "Shule ya msingi ilipoisha, masomo yangu nayo yaliishia hapo. Nilimuuguza marehemu mama yangu. Nilimwosha vidonda mpaka mwisho. Nikasema, nikipata binti..."

Hakumaliza. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na binti alikuwa amesimama pale.

"Mama, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Hakuna aliyeniuliza." Mama akajisikia anavyosema. "Na mimi sikukuuliza wewe. Unataka nini, mwanangu?"

"Ufundi wa mitambo. Pampu, mashine za viwandani, zote. Cherehani yako ilipokwama, nani aliifungua?"

"Wewe."

"Hukusema hata ahsante. Uliniambia nikanawe mikono."

"Watakucheka huko. Msichana peke yako!"

"Wacheke. Mashine haiulizi anayeifungua ni nani."

"Na mimi tai siitaki," ikasikika sauti ya baba kutoka uani. "Nataka mafundi wanne ninaowafundisha mwenyewe."

Mama akaitazama fomu. Bado aliogopa. Akamsukumia binti kalamu.

"Andika wewe."

Binti akaandika. Mama akasoma mara mbili, neno kwa neno. Kisha akasaini.

Jioni ile waliushusha ubao, wakageuza kadibodi upande mweupe. Wakasali. Mwalimu akawaonyesha: chini ya kila ndoto, andika hatua moja ndogo ya wiki hii, na tarehe. Bibi alitaka kujisomea Zaburi bila kusomewa. Hatua yake ilikuwa kujua herufi tano. Mama alikaa muda mrefu na karatasi yake. Mwishowe akaandika: Alhamisi, kwenda zahanati kuulizia mafunzo ya huduma ya kwanza. Kona moja waliiacha tupu.

"Hapo pa Mungu," mwalimu akasema. "Tuna mengi tusiyojua hata kuyaomba."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi walisimama mbele ya ubao, wakashukuru, wakafuta, wakarekebisha. Si yote yaliyokwenda sawa. Baba alipata wanafunzi wawili, na mmoja akatoroka na brashi. Bibi alisoma aya moja kwa robo saa, na ole wake aliyemsaidia. Binti alipata nafasi chuoni. Wiki ya kwanza wenzake walimcheka. Wiki ya tatu walikuwa wanamwita aje asikilize mashine zao zina tatizo gani.

Ijumaa moja alirudi amekishika kidole, damu imelowesha kitambaa. Bati lilikuwa limemkata. Alikuwa mweupe midomoni, amegeuza uso ukutani.

Mama alinawa mikono kwa sabuni. Akakikandamiza kidole mpaka damu ikakata. Akakiosha, akakitazama vizuri, akakifunga kwa bendeji safi. Ndivyo walivyomfundisha kule zahanati.

"Kidonda si kirefu, hakihitaji kushonwa," akasema.

"Mama, unawezaje kuangalia?"

"Tulia. Kazi yako ni vyuma. Hii ni yangu."