Picha ya Kibaba Haikupungua

Wa kwanza kumwambia mshonaji habari hizi alikuwa wifi yake, anayefagia duka la mpiga picha.

"Wifi, picha ya mwanao itoe mle dukani. Mpiga picha amemchanganya na Kibaba."

"Kibaba si tumemzika juzi?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Mshonaji alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Wifi huyu, akiona kivuli chake mwenyewe humkemea shetani. Na Kibaba naye! Kizee kifupi kama kinu, mchawi kwa sifa tu, maana uchawi wenyewe haukumrefusha hata kidole. Mtaa mzima ulimcheka, mshonaji akiwa mbele. Siku Kibaba alipoleta suruali ipunguzwe, alimwambia, "Mzee, kitambaa nitakachokata hapa kinatosha kumshonea binti yangu gauni."

Kibaba alimjibu, "Cheka, mwanangu. Nitawaona nyote mkiwa wadogo."

Hata hivyo picha ya binti ilitakiwa shuleni kesho yake. Jua lilipozama, akaifuata.

Mpiga picha alikuwa amenyoosha miguu juu ya kiti, anajiona waziri. Mtu wa kubonyeza kitufe kimoja! Picha za watoto wa shule, na ile ya Kibaba ya mazishini, zote alizirundika kwenye folda moja, akaiambia kompyuta izipunguze kwa mkupuo, nakala ndogo zifute zile kubwa.

"Kazi ya wiki kwa kidole kimoja, shemeji. Kaa utazame."

Picha zikapita kwenye kioo, moja baada ya nyingine, kila moja ikisinyaa.

Tik.

Akapita mtoto wa jirani. Tik. Akapita Kibaba.

Yeye hakusinyaa.

Mtoto aliyefuata alisinyaa, na nyuma yake, mbali, alikuwa amesimama mtu mfupi. Tik. Mtoto mwingine. Mtu yule alikuwa amesogea... wala hakuwa mfupi tena. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

"Nani huyo?" mshonaji alinong'ona.

"Vumbi la kioo hilo."

Tik. Vumbi gani lina meno?

Kisha akatokea binti yake, ameshika begi, anatabasamu. Begani mwake palikuwa na mkono.

"Simamisha!"

"Ikianza haisimami, shemeji, labda..."

Mshonaji alichomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Kimya. Halafu, ndani ya kompyuta isiyo na umeme...

Tik.

Nyumbani alimkuta binti amelala, kajifunika gubigubi. Alisimama kando ya kitanda muda mrefu, mkono umeshika ncha ya shuka.

Hakuifunua.

Asubuhi binti alivaa sare, ile ile ambayo jana ilikuwa imempanda juu ya magoti. Sasa iliburuzika sakafuni.

"Mama, umeirefusha?"

"Simama wima, mwanangu."

Alijaza pini mdomoni, akapiga magoti, akaanza kukunja pindo. Kwa jirani, ng'ambo ya ukuta, mkasi ulikuwa unakata kitambaa, na mtu analia pole pole.

Alizunguka na pini mpaka akarudi alipoanzia. Pale pindo lilikuwa limeshagusa sakafu tena.

Akazichomoa zote, akaanza upya.