Feni Iliyonyamaza

Gari lilikuwa limeshapita daraja la pili, na Bibi alikuwa bado anaaga.

"Wajukuu wangu wasimsumbue jirani!" alisema, akipunga mkono dirishani. "Mwambieni nimesema mimi!"

"Mama, tumeondoka zamani," binti yake, Mama Pacha, alimwambia kutoka kiti cha mbele. "Huyo unayempungia ni ng'ombe."

"Na yeye ana masikio," Bibi akajibu.

Wote watatu wakacheka. Lakini kicheko cha Baba Pacha, aliyeshika usukani, kilikatika mapema. Jicho lake moja lilikuwa barabarani. La pili lilikuwa kwenye mshale wa joto la injini.

Bibi alikuwa mama mkwe wake. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, mwaka wa pili sasa. Aliona mwanga na vivuli, basi. Siku hiyo alitakiwa kufika hospitali ya mjini kabla ya saa nne asubuhi, apasuliwe jicho la kwanza.

Tarehe hiyo ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza ilipotea mwezi uliopita. Kiyoyozi kilianza kutoa joto, gari likachemsha njiani, wakarudi nyumbani wakivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Nesi aliwapa tarehe nyingine kwa simu, na hakuzungusha maneno.

"Mkikosa tena, jina la mgonjwa linarudi mwisho wa orodha. Hapo mhesabu mwaka mzima."

Bibi hakumlaumu mkwewe hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomuuma Baba Pacha. Angegombezwa, angepumua.

Baba Pacha alikuwa karani wa ghala, mtu wa mpangilio. Gari lake lilikuwa kuukuu, lakini liling'aa kuliko magari mapya. Kila Jumamosi alifungua boneti, akaipiga injini maji ya presha mpaka ikawa safi kama sufuria. Majirani walimtania kwamba gari lake linaoga kuliko watoto wake.

Baada ya safari ile ya kwanza kuharibika, alimwita fundi wa jirani. Fundi yule alilikuta gari limesimama, injini inanguruma. Akaweka kiganja kwenye tundu la kiyoyozi, akatikisa kichwa.

"Gesi imeisha," alisema.

Akajaza gesi. Baada ya wiki moja, kwenye foleni, kiyoyozi kikaanza tena kutoa joto. Akajaza mara ya pili.

Leo, tangu alfajiri, kiyoyozi kilikuwa kinatoa baridi nzuri. Daktari alisema macho ya Bibi yasipigwe vumbi, kwa hiyo Mama Pacha alipandisha vioo vyote. Gari lilikimbia. Mshale wa joto ulikaa katikati. Baba Pacha akaanza hata kupiga mluzi.

Saa moja na nusu walifika mahali barabara inapotengenezwa. Upande mmoja ulikuwa umefungwa. Dada mmoja, mwenye kofia ngumu na bendera mbili, aliinua ile nyekundu. Magari yakasimama, malori mbele, malori nyuma.

Dakika tano zikapita. Kiyoyozi kikaanza kutoa upepo wa vuguvugu. Kisha ukaja upepo wa moto.

"Mbona kama tuko jikoni?" Mama Pacha aliuliza.

Baba Pacha akainamia dashibodi. Mshale ulikuwa unapanda.

"Baba Pacha," Bibi aliita kutoka nyuma, "nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Zamani gari hili likisimama lilikuwa linavuma. Vuuu, kisha linanyamaza. Halafu tena, vuuu. Siku hizi silisikii. Lilikuwa linavuma nini?"

"Mama, gari langu nalijua. Labda umechoka."

"Macho ndiyo yamechoka, baba. Masikio hayajaniomba likizo."

Mara moshi mweupe ukatoka pembeni mwa boneti. Dada wa bendera akaja mbio.

"Kaka, gari lako linavuta sigara! Zima injini! Sogea pembeni kwanza, hapo, kisha zima!"

Baba Pacha akasogea, akazima, akashuka. Akafungua boneti. Mvuke ukampiga usoni. Akachukua chupa ya maji ya kunywa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaupeleka kwenye kifuniko cha rejeta.

"Acha!" Sauti nzito ilimfikia kabla mkono wake haujagusa. "Acha hapo hapo!"

Mwanamume mnene mwenye ovaroli alikuwa anakuja kutoka kwenye mitambo ya barabara. Miwani yake ilifungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa fundi wa matingatinga. Dada wa bendera alikuwa amemwita kwa redio yake ya mkononi.

"Huyo ndiye Fundi Taratibu," dada alimnong'oneza Mama Pacha. "Usimharakishe. Ukimharakisha anakaa chini."

Fundi Taratibu alifika, akakaa chini.

"Unapenda uso wako?" alimuuliza Baba Pacha.

"Fundi, sina muda. Nina mgonjwa ndani."

"Nimekuuliza kuhusu uso. Humo ndani maji yanachemka, na yamebanwa. Ukifungua kifuniko, yanakurukia yote. Na hayo maji ya baridi uliyoshika, ukiyamwaga kwenye injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Tunangoja nusu saa."

"Nusu saa! Mama anatakiwa hospitali saa nne!"

"Kwa hiyo mtakuwa wagonjwa wawili mmoja akiungua?"

Baba Pacha alitazama saa. Alitazama ndani ya gari. Mama Pacha alikuwa anampepea Bibi kwa bahasha ya hospitali. Bibi alikuwa ametulia, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu yake. Baba Pacha akaweka chupa chini.

"Sawa, fundi. Tungoje."

"Tunangoja injini. Akili haingoji," alisema Fundi Taratibu. "Nieleze. Ugonjwa ulianzaje?"

"Ni gesi ya kiyoyozi, fundi. Nimejaza mara mbili. Labda inavuja."

"Mkiwa mnakimbia barabarani, kiyoyozi kinatoa baridi?"

"Nzuri kabisa."

"Na mshale wa joto?"

"Katikati."

"Mkisimama?"

"Kinatoa joto. Na mshale unapanda."

Fundi Taratibu akavaa miwani. "Basi gesi unaisingizia. Ingekuwa imeisha, usingepata baridi hata ukikimbia. Njoo uone, lakini usiguse. Hii pana yenye nyavu nyembamba ni rejeta. Inapooza maji ya injini. Mbele yake kuna wavu mwingine unaofanana nayo. Huo ni wa kiyoyozi. Nyuma ya vyote viwili kuna nini?"

"Feni."

"Gari likikimbia, upepo wa barabara unapita hapa bure, unapooza vyote viwili. Likisimama, upepo hakuna. Hapo ndipo feni inafanya kazi. Feni ikilala, kiyoyozi kinatoa joto na injini inachemsha. Ugonjwa ni mmoja, ila umejitokeza sehemu mbili. Wewe ulikuwa unatibu sehemu moja."

"Vuuu," Bibi alisema kutoka ndani ya gari.

"Amesema nini mama?"

Baba Pacha alishusha macho. "Alisema gari likisimama lilikuwa linavuma, siku hizi halivumi. Nilimwambia amechoka."

Fundi Taratibu alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Mama, mimi nakuajiri leo! Kuna mafundi wana miaka kumi hawasikilizi injini."

"Lipa kwanza macho, nitakuja," Bibi akajibu.

Baba Pacha, akitaka kujirekebisha, akanyoosha mkono kuizungusha feni kwa kidole. Fundi akamkamata kifundo cha mkono.

"Na vidole pia huvipendi? Feni ya umeme inaweza kuamka hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu joto bado lipo. Chomoa waya wa betri kwanza."

Walichomoa waya. Fundi akaizungusha feni kwa bisibisi. Ilizunguka laini, haikukwama.

"Mwili mzima," alisema. "Sasa tuone kama chakula kinamfikia. Chakula chake ni umeme."

Alikwenda kwenye kisanduku cheusi pembeni mwa injini. Kifuniko chake kilikuwa kimekaa upande, hakikushika. Alichomoa fyuzi ya feni, akaiinua juani. Uzi wa ndani ulikuwa mzima.

"Ingekuwa imekatika, ungeweka nini?"

"Nimeona watu wanaweka waya."

"Na mimi nimeona magari yao yakiungua. Fyuzi inakufa ili gari lipone. Weka fyuzi ya namba ile ile, basi. Na ikikatika tena, tafuta kilichoikata."

Kisha akachomoa kitu kidogo cha mraba, chenye miguu minne ya chuma. "Hii ni rilei. Ndiyo inayoiruhusu feni ipate umeme. Itazame miguu."

Miguu ya rilei ilikuwa na kutu ya kijani. Mguu mmoja ulikuwa umelika nusu.

"Maji haya," alisema Fundi Taratibu. "Maji yameingia humu, si mara moja. Gari lako liliwahi kuzama mtoni?"

Mama Pacha akamtazama mumewe. Baba Pacha akakitazama kile kifuniko kilichokaa upande. Alikumbuka Jumamosi zote, mpira wa presha mkononi, na jinsi alivyokuwa anakisukuma kifuniko kirudi bila kungoja kilie *tak*.

"Ni mimi," alisema. "Ninaosha injini kila wiki. Nilidhani ndiko kulitunza."

Akageuka kwa Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, ile tarehe ya kwanza ni mimi niliyeipoteza. Na nilikudharau uliposema. Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu lile lori la mchanga," Bibi alisema. "Sasa mwambie fundi akaze mkono, jua linapanda. Hilo hata mimi naliona."

Fundi Taratibu hakukasirika kuharakishwa. Alichomoa rilei nyingine kwenye kisanduku hicho hicho, yenye umbo lile lile na namba zile zile ubavuni.

"Hii ni ya honi. Tunaihamishia kwa feni. Zikilingana namba, zinaweza kuazimana. Lakini ni dawa ya njiani tu. Leo leo ununue mpya, maana gari lisilo na honi ni bubu barabarani. Uende polepole."

Injini ilikuwa imepoa. Fundi alikunja kitambaa kinene, akakifungua kifuniko cha rejeta kidogo kidogo, akiwa ameuepusha uso. Akajaza maji ya rangi kutoka kwenye dumu lake.

"Hii ni kulanti. Haichemki upesi, na haileti kutu. Maji matupu ni ya dharura."

Wakarudisha waya wa betri. Baba Pacha akawasha injini, akawasha kiyoyozi. Wakangoja. Sekunde moja. Mbili.

*Vuuuu.*

"Huyo!" Bibi alipiga kiti kofi. "Huyo ndiye niliyekuwa namuulizia!"

Baba Pacha akabonyeza honi. Kimya. Wote wakacheka, na dada wa bendera akainua bendera ya kijani.

"Mshale ukipanda tena," Fundi Taratibu alisema dirishani, "zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho. Itawachoma, lakini inaiondolea injini joto. Kisha simama, zima, ungoje. Usishindane na mshale."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Barabara ya mwisho kuingia hospitali ilikuwa imejaa. Saa tatu na dakika arobaini, magari hayasogei. Mkokoteni wa magunia ulisimama mbele yao, mwenyewe anapiga soga. Baba Pacha akabonyeza honi bubu kwa mazoea.

Bibi akashusha kioo, akatoa kichwa. "Wewe mwenye magunia! Tupishe, nakwenda kupasuliwa!"

Mwenye magunia aliruka. Mkokoteni ukahama.

"Honi imepatikana," Mama Pacha akasema.

Baba Pacha hakucheka. Alikuwa ameukazia macho ule mshale. Jasho lilimtiririka ingawa kiyoyozi kilikuwa baridi. Hapa ndipo mahali penyewe. Kusimama ndiko kulikowashinda.

"Usiutazame," Bibi alimwambia taratibu. "Tazama njia. Mimi nasikiliza."

Akainamisha kichwa, akafumba macho yake yasiyoona.

"Inavuma," alisema. Kisha, baada ya kitambo: "Imenyamaza. Ngoja." Baba Pacha alishika pumzi. "Sasa inavuma tena. Nenda, mwanangu."

Mshale ulikaa katikati. Waliingia getini saa nne kasoro dakika nne. Nesi alikuwa ameshika orodha, na kalamu ilikuwa imeshafika kwenye jina la Bibi, tayari kulikata. Aliinua kalamu.

Jicho la kwanza la Bibi lilipasuliwa siku hiyo, la pili baada ya miezi mitatu. Sasa anachambua mchele mwenyewe, na amemwambia mkwewe kwamba ana mvi nyingi kuliko alivyotarajia. Mama Pacha amejifunza kukagua kulanti, na huikagua asubuhi injini ikiwa baridi. Fundi Taratibu na dada wa bendera walihama na barabara yao ilipokwisha, na hawakuonana tena na familia ile. Fundi wa jirani bado anajaza gesi, lakini siku hizi huuliza kwanza kama gari lina baridi likikimbia, maana Baba Pacha alikwenda kumweleza. Baba Pacha alinunua rilei mbili mpya mchana ule ule na kifuniko kipya cha kisanduku. Huosha bodi kwa maji na injini huifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Gari haling'ai kama zamani. Honi inalia. Likisimama, linavuma.