Breki za Siku ya Ukaguzi

Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mnaopenda kuambiwa mwisho, nisikilizeni.

Asubuhi ile nyumba yetu ilikuwa shwari. Mume wangu, fundi wa breki kwenye karakana ya mabasi ya jiji, alikuwa mezani na chai yake. Binti yetu anayesomea uuguzi alikuwa chini ya kochi akitafuta kiatu cha pili.

"Baba, hujakikalia?"

"Mwanangu, mimi viatu navivaa, sivikalii."

Tukacheka. Akakipata, akatoka mbio kuwahi basi la njia ya hospitali.

Sasa niseme nililolinyamazia miaka miwili. Serikali hutoa ruzuku ya mabasi yetu kwa kuhesabu mabasi mazima. Fedha zikachelewa, vipuri vikaisha. Basi likionekana bovu, ruzuku inapungua tena. Ndipo mafundi wakabuni ujanja wao. Siku ya ukaguzi wanafunga pedi mpya za breki kwenye basi la kwanza, mkaguzi anatazama, fundi anatia saini. Mkaguzi akiingia ofisini kupumzika, wanazifungua haraka, wanazihamishia basi la pili. Lile la kwanza linarudishiwa zake kuukuu, zilizolika hadi chuma, na linaegeshwa karakanani lisitoke. Seti tatu, mabasi tisa! Mume wangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mimi nilikuwa namfulia ovaroli na kufunga mdomo, nikiogopa atafukuzwa.

Asubuhi ile, binti ameshatoka, simu ya mume wangu ikalia. Alikuwa msimamizi mpya wa zamu, sauti yake naisikia hadi nilipo.

"Fundi, la hospitali limegoma kuwaka. Nimetoa namba thelathini na moja badala yake."

Mume wangu akasimama, chai ikamwagika. "Thelathini na moja? Lile halitoki! Halina breki lile!"

"Mbona karatasi inasema zima? Saini si yako hii?"

Jamani, njia ya hospitali inateremka mlima mzima. Nilimpigia binti yangu.

"Mama! Leo nimepata kiti cha dirishani."

"Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Nishukie wapi, mama? Mbona linakimbia hivi..."

Kisha nikasikia watu wakipiga kelele. Simu ikakatika.

Dereva alilibana basi kwenye ukuta wa mawe kwa makusudi, likasimama. Abiria wote walitoka hai. Yeye hakutoka. Ameacha watoto wanne.

Binti yetu alivunjika mguu sehemu tatu. Alipozinduka hospitalini alimtazama baba yake.

"Baba, zile breki ulifunga wewe?"

"Nilizifungua mimi, mwanangu."

Siku hiyohiyo mume wangu alikwenda kuwaeleza wapelelezi kila kitu. Kazi hana, na kesi inamngoja. Binti anatembelea magongo. Mimi kila nikisikia basi likifunga breki, moyo unanipasuka.

Neno ninalowaachia

Fedha ya mabasi si habari ya wakubwa peke yao. Ikitolewa kwa kuhesabu mabasi tu, ulizeni magurudumuni kuna nini. Na wewe unayejua, sema leo, hata kama mumeo atakununia. Mimi nilidhani abiria ni watoto wa watu wengine.