Kontena la Saba

Seva za kampuni zilikuwa sita, lakini makontena ya kumbukumbu yalikuwa saba.

Fundi wa kompyuta alihesabu tena, mtoto mgongoni. Tangu ajifungue alifanyia kazi nyumbani, na kila asubuhi alihakikisha kwamba makontena yale yako hai. Hayakuwa ya chuma. Ni programu ndogo tu: kila seva ina lake, nalo huandika yote yanayotendeka humo. Likifa, mtambo wenyewe hulifufua. Hakuna aliyesoma yaliyoandikwa, mradi taa kwenye kioo cha kompyuta ni ya kijani.

La saba halikuwa na seva.

Alimpigia bosi, akamweleza.

"Taa yake ni ya kijani?"

"Ndiyo, bosi, lakini halina—"

"Kijani ni kijani, Mama Kichanga. Au uzazi umekupofusha? Fanya kazi!"

Akameza hasira, kama alivyozoea kuimeza. Akaliua lile kontena. Likarudi. Akaliua tena. Likarudi, na safari hii chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Ndipo alipofungua asome.

*Mama anasoma. Mtoto ameamka. Mtoto ananiona.*

Mgongoni, mtoto alicheka. Hakumchekea yeye, alikuwa amegeuza shingo kuelekea pembe ya kabati, akinyoosha mkono kama anayetaka kubebwa, na kutoka pembe ile ile, mchana kweupe, jirani akifua nje na redio ikiimba, ilisikika sauti ya kucha zikigonga mbao taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na kila zilipogonga, mstari mpya ulijiandika kwenye kioo: *Shingo ya mtoto ni laini.*

Mama mkwe, aliyekuwa akiwatibu wenye mashetani, alisimama mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Usipige kelele, mwanangu," alinong'ona. "Harufu nimeisikia tangu jikoni."

"Mama, nakiua, kinarudi."

"Kitaacha kurudi vipi kama kimewekewa kiti? Nani alikiwekea?"

Fundi akakumbuka. Bosi aliwahi kuziingiza kompyuta za wafanyakazi kwenye mtambo kwa siri, apate kuwachunguza hadi majumbani mwao. Walipogundua wakaja juu, naye akaapa kwamba ameondoa kila kitu. Akafungua orodha iliyofichwa. Programu ya uchunguzi haikuwapo, kweli. Lakini nafasi yake ilikuwapo, tupu, na amri ya kuijaza ikiendelea, jina lake: *Nyumbani kwa Mama Kichanga.*

"Mshenzi!" alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mkwewe.

"Mshenzi kweli," mkwewe akaitikia. "Usipigane na mgeni. Vunja kiti."

Alipoanza kuifuta nafasi ile, kucha zikavuma kabatini kama mvua ya mawe, nguo zikaanguka zenyewe kutoka kwenye misumari, harufu ikajaa chumbani, na maneno yakamiminika kwenye kioo bila nukta wala mkato, *usifute usifute nitakaa wapi nitamwandika nani nitamwandika nani*, na yeye, mwanamke ambaye hata dukani hungoja watu wote wahudumiwe kwanza, akapiga meza kwa kiganja.

"Mwandike aliyekuita! Si mwanangu!"

Akafuta.

Kimya. Jirani alikuwa bado anafua. Kwenye kioo, makontena sita. Mtoto aliangalia mlangoni, akapunga mkono.

Kabla wali wa mkwewe haujaiva, simu ikalia.

"Mama Kichanga," bosi alinong'ona, pumzi juu juu. "Kuna kontena... linaandika ninachofanya. Linasema liko nyuma yangu. Naliua, linarudi. Tafadhali, dada yangu, nifanyeje?"

Nyuma ya pumzi zake, fundi alizisikia kucha. Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

"Taa yake ni ya kijani, bosi?"

"Ndiyo! Ndiyo, lakini—"

"Kijani ni kijani," akasema, na akakata simu.