Mwaka wa Ile Bunduki ya Dereva

Bunduki ambayo haijafyatuliwa kwa zaidi ya miaka hamsini haina sababu yoyote ya kunuka baruti. Fundi aliinusa, akaiweka mezani, akanusa vidole vyake, akaiinua akanusa tena. Kutu ilikuwa imeshika nyundo zote mbili, ndani ya mitutu buibui walikuwa wamejenga wakahama, na bado ilinuka kana kwamba imepigwa uani dakika ile ile.

"Ilikuwa wapi hii, dada?" akauliza.

"Ghala la polisi. Wamenirudishia juzi juzi." Aliyeileta alikuwa mshonaji nguo, mama wa miaka sitini na ushee, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. "Wanataka hati ya fundi inayoonyesha mwaka iliotengenezwa. Nisipoipeleka Ijumaa, wanaichukua kuikata kwa msumeno. Mimi sina haja na bunduki, hata kuishika sijui. Ninachotaka ni mwaka."

"Sitini na moja," ikasema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa baba yake fundi, mzee anayekaribia tisini, aliyeifungua karakana ile na ambaye mpaka leo alikuwa akishinda humo kwenye kiti chake cha mkono, akiwakosoa watu. Hakuinua hata macho. "Naijua hiyo. Mwandikie sitini na moja, aende zake."

Mshonaji akageuka taratibu. "Nakukumbuka, mzee. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa benchi la mbele mahakamani. Ulisema hivyo hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo." Kisha akamgeukia fundi, midomo ikimtetemeka kwa hasira na si kwa machozi. "Karani wa kiwanda cha mbao aliuawa kwa bunduki mwaka sitini na nne. Baba yangu alikuwa dereva wa lori pale, na walikuwa wamegombana. Miaka minne baadaye ndiyo wakamkuta na hii, wakasema ndiyo iliyoua. Akajitetea kwamba aliinunua ikiwa mpya dukani, karani ameshazikwa kitambo. Nani alimsikiliza? Huyu baba yako aliitwa kama mtaalamu, akasema ni ya sitini na moja. Basi baba akaonekana mwongo, na mwongo ndiye muuaji. Amekaa ndani miaka kumi na moja, akafia humo humo. Sikuja kuambiwa tena, mdogo wangu. Nimekuja iangaliwe."

Akaondoka bila kuaga. Mzee akasonya. "Mwandikie bwana, yaishe."

Hapo ndipo fundi alipoanza kushangaa. Maana katika karakana ile sheria ilikuwa moja, na alikuwa ameipata kwa makofi tangu ana miaka kumi na miwili: fungua kitako kwanza, ndipo useme mwaka. Namba ya nje haitoshi. Kuna viwanda vilivyobadilisha wamiliki, vikaanza kuhesabu upya kutoka moja, vikaongeza herufi ndogo kwenye ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mbao ya kitako, mahali ambapo huwezi kuuona mpaka ulegeze parafujo ndefu na kuichomoa mbao yote. Ni kazi ya kuudhi, hasa kwenye kutu. Lakini mzee huyu aliwahi kumzaba kibao mbele ya mteja kwa kuiruka. Leo anasema mwandikie, yaishe?

Hata hivyo alimtii, maana wapo watu wa miaka hamsini ambao mbele ya baba zao bado wana kumi na miwili. Akachukua hati, akaandika moja, akaandika tisa, akaandika sita. Nyuma yake kitu kikalia: *ka-ka*. Kisha tena: *ka-ka*.

Nyundo zote mbili za ile bunduki, zilizokuwa zimegandishwa na kutu kiasi kwamba asubuhi alishindwa kuzisogeza kwa koleo, zilikuwa zimevutwa nyuma. Na mitutu, ambayo aliiacha imeelekea mlangoni, ilikuwa inamtazama mzee.

"Umeigusa?" akanong'ona.

"Na mguu huu?" Mzee hakutoka kitini bila kushikwa mkono, na wote wawili walilijua hilo.

Siku ya pili sauti ilianza, na ilianza mchana kweupe, jua la saa sita limejaa mlangoni. Mke wa fundi alikuwa jikoni, chumba kilichopakana na karakana, akaja mbio na kisu cha vitunguu mkononi.

"Baba watoto, kuna mtu ananiuliza swali kwenye bomba la maji."

"Swali gani?"

"Mwaka gani." Macho yalikuwa yamemtoka. "Nafungua maji, linauliza mwaka gani. Nafunga, linauliza mwaka gani. Sauti ya mwanamume aliyekasirika, lakini anajizuia, kama mtu aliyepangishwa foleni siku nzima."

Kabla fundi hajamjibu wakaisikia wote watatu, ikitoka ndani ya mitutu, nzito na ya karibu, pamoja na pumzi ya baruti iliyowafanya wakohoe. *Mwaka gani?*

"Sitini na moja!" akabweka mzee. "Nimesema sitini na moja!"

Kioo cha dirisha kikapasuka. Hakikupigwa na kitu. Kilipasuka kwa matundu madogo madogo, mviringo mzima, vile vile marisau ya bunduki yanavyotoboa kopo, na matundu yenyewe yalikuwa juu kidogo ya kichwa cha mzee. Mke wa fundi akaangusha kisu, akamshika mumewe kwenye mkono akakaza kucha.

"Hili ni jini," akanong'ona. "Na halina ugomvi na mimi wala wewe. Mbona baba hashtuki? Mtazame. Mbona hashtuki?"

Kweli hakushtuka. Alikuwa amenuna.

Jumatano wakamleta mpunga majini, jamaa mnene mwenye sifa kubwa na mkoba mkubwa zaidi. Akafukiza chumba mpaka hawakuonana, akaamrisha kwa sauti ya kutisha kwamba aliyemo ajitaje. Kisha aliyemo akauliza, karibu kabisa na sikio lake: *Mwaka gani?* Mpunga majini akachanganyikiwa, akataja mwaka aliozaliwa. Kofi lililomkuta lilisikika mpaka jikoni. Akakusanya vitu vyake, na mlangoni akamvuta fundi kando, shavu limevimba.

"Huyo simtoi mimi," akanong'ona. "Mimi natoa wanaokaa kwa watu. Huyo anasubiri jibu. Mpeni jibu lake, na liwe la kweli, maana la uongo ameshalijua."

Alhamisi asubuhi fundi alichukua bisibisi kubwa.

"Weka chini," akasema baba yake.

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nimesema weka chini, mwana usiye na adabu! Nimekulisha kwa mikono hii! Unataka kunivua nguo nikiwa na miaka tisini?"

Fundi alikuwa amejaa hasira, hasira ambazo hakujua kama ni zake au zimeingia na ile harufu, akaipachika bisibisi kwenye parafujo akitegemea kupigana nayo saa nzima, ikazunguka laini kama ya jana, maana ndani ilikuwa na grisi, ikazunguka huku mzee akimtukana yeye na mama yake aliye kaburini, ikazunguka huku mabomba ya nyumba nzima yakiuliza mwaka gani mwaka gani na vyuma ukutani vikigongana na mkewe akilia kwa sauti ndogo nyuma ya mlango, mpaka parafujo ikatoka, mbao ikachomoka, na kila kitu kikanyamaza.

Kwenye ulimi wa chuma kulikuwa na namba 4187, na chini yake herufi K. Hakuhitaji kufungua kitabu cha kiwanda, lakini alikifungua. Namba 4187 bila herufi, sitini na moja. Namba 4187 yenye K, sitini na saba. Karani alikuwa na miaka mitatu kaburini siku chuma hiki kinayeyushwa.

Kwa hiyo mzee alikosea. Mwanadamu hukosea, fundi alijiambia. Aliona uvivu kufungua, akasoma namba ya nje, basi. Lakini ile grisi? Akaigeuza mbao, akaiangaza ndani kwa tochi. Baba yake alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha mpaka macho yalipomkataa: kila bunduki aliyoifungua aliandika kwa penseli, ndani ya mbao, tarehe aliyoifungua na herufi za jina lake. Hapa ameandika. Ilikuwa tarehe ya wiki tatu tu baada ya ile ya hukumu, iliyoandikwa kwenye lebo ya polisi iliyofungwa mtutuni.

"Polisi walinirudishia niipake mafuta kabla ya kuiweka ghalani," akasema mzee. Sauti ilikuwa imepungua, hasira hazikupungua. "Nikaifungua. Nikaona. Ungefanya nini? Niende kwa hakimu niseme mtaalamu wenu ni mvivu? Nani angeniletea hata manati nitengeneze? Wewe ungekula nini?"

"Miaka kumi na moja, baba. Kila asubuhi ulikuwa unaamka unajua."

"Ndiyo maana nilikuwa nakupiga makofi!" akafoka mzee. "Usije ukawa kama mimi!"

Nje kulisikika viatu. Mshonaji. Fundi aliutazama mlango, akamtazama baba yake, uso mdogo ulionuna, mikono iliyomshikisha bisibisi ya kwanza. Nao mwaka upo, ameupata, hati itakuwa ya kweli. Ile penseli inamsaidia nani? Akachovya kidole gumba kwenye mafuta, akasugua. Penseli ya zamani haina ubishi. Mara tatu tu, ikawa doa.

Mshonaji akaingia, akaona bunduki imefunguliwa, akasimama.

*Mwaka gani?* ikauliza mitutu, kwa upole safari hii.

Mshonaji akajishika mdomo. Alikuwa ameitambua sauti ya baba yake. Fundi akamgeukia baba yake, akamwinamia usoni. "Mjibu. Wewe, si mimi."

Taya la mzee likacheza. "Sitini na saba," akasema hatimaye, na kulisema kulimuuma. "Ilitengenezwa sitini na saba. Dereva alisema kweli."

Nyundo mbili zikashuka zenyewe, polepole, kama zimeshikwa na mkono unaojua kazi. Harufu ya baruti ikatoka mlangoni mbele yao, chumba kikabaki kinanuka mafuta na vumbi tu. Mshonaji alilia kwa hasira, akipiga meza kwa ngumi, mpaka alipochoka. Kisha akajifuta kwa ncha ya tepu yake.

"Ulijua lini?" akamuuliza mzee.

Mzee akamtazama mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwomba kitu.

"Leo," akasema fundi. "Tumejua leo, dada. Sote wawili."

Akamwandikia hati, akapiga muhuri, akairudisha mbao na parafujo. Mshonaji akampa mkono, akamwita mtu mwema. Hilo ndilo lililomkosesha hamu ya kula siku ile.

Ijumaa aliamka mapema, nyumba shwari, mkewe akiimba jikoni kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akanawa mikono kwa sabuni, akanusa kidole gumba, akanawa tena. Akanawa kwa mafuta ya taa. Baruti haikutoka.

Kwenye karakana baba yake alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, amani tupu. Ukutani zilibaki bunduki tatu za wateja wengine, zinazosubiri zamu. Fundi akaketi kwenye kigoda chake cha kazi, akavuta taa karibu, akashika tupa.

*Ka-ka.*

Jikoni wimbo ukakatika. "Baba watoto," mkewe akaita, kwa kunong'ona, "nani anauliza ulijua lini?"

Fundi akaiweka tupa chini. Alikuwa ameinua macho ukutani. Mitutu yote mitatu ilikuwa imegeuka, na safari hii haikumtazama mzee.