Mkoromo wa Eshmurod Polvon

Kila alipotoka shule, Hulkar alivua viatu, akachukua mkate na birika la chai ya kijani, akapanda kitanda kipana cha uani, ambacho familia ilikalia na kulalia, afanye hesabu zake. Ubavuni mwake babu yake Eshmurod alikuwa amelala chali, anakoroma. Mji mzima wa Boysun ulimwita Polvon, yaani bingwa wa mieleka, kwa sababu katika mieleka yote iliyochezwa harusini hakuna aliyewahi kuugusisha mgongo wake ardhini. Mkoromo wake nao ulikuwa na sifa zake. Majirani walitania kwamba kuku wa mtaa wa pili hawatagi mpaka Polvon aamke, na mzee alifurahi kweli kuambiwa hivyo. Alisema mtu dhaifu hana nguvu hata za kukoroma.

Lakini nguvu zenyewe zilikuwa zinamwisha. Aliamka kichwa kinamgonga, akasinzia bakuli la chai likiwa mkononi. Kwenye harusi ya mwisho alialikwa kuwa mwamuzi, akapitiwa na usingizi kitini, vijana wakamcheka. Jambo hilo lilimuuma sana. Alikwenda zahanati, akamwambia daktari Mahfuza kwamba halali vizuri. Habari ya kukoroma hakuigusa, maana nani anakwenda kwa daktari kujisifu? Akarudi na vidonge vya usingizi, ameze kimoja kabla ya kulala. Na kwa kuwa alilala usiku na mchana, akameza usiku na mchana.

Nyumba ikatulia. Mkoromo ulikuja, ukakatika, pakawa kimya kirefu. Baba yake Hulkar, Sherali, alishukuru dawa. Hulkar peke yake ndiye aliyekaa karibu, na alichokiona hakikumpendeza hata kidogo. Wakati wa kimya kile kifua cha babu kilihangaika kupanda, lakini hewa haikuingia, na midomo ilianza kuwa ya bluu. Akamshika bega akamtikisa mpaka mzee akavuta pumzi kwa kishindo.

Sherali, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe, alikuja mbio. Katika nyumba ile mzee aliyelala haamshwi, hata mgeni akisimama mlangoni.

"Una wazimu, Hulkar? Babu yako anaamshwa kama mbuzi?"

"Alikuwa hapumui, baba."

"Anapumzika. Wewe umekuwa daktari lini? Niahidi hutarudia."

Hulkar alimtazama baba yake usoni, jambo ambalo nalo halikuwa adabu. "Siwezi kuahidi," alisema.

Siku hiyo alinuniwa na nyumba nzima. Kesho yake alipanda kitandani vilevile, na babu aliponyamaza akamtikisa tena. Safari hii baba alikuja kumshusha kwa mkono.

"Nitashuka," Hulkar alisema, "lakini kwanza ukae hapa. Babu akinyamaza, uzibe pua na mdomo wako. Achia atakapopumua yeye."

Sherali alikubali ili tu ubishi uishe. Babu alinyamaza, naye akajiziba. Uso ukamwiva, macho yakamtoka, mwishowe akaachia akihema. Babu bado alikuwa kimya. Hapo Sherali aliisahau adabu yote aliyofundishwa, akamkamata baba yake kwa mikono miwili akamtikisa huku akimwita kwa sauti ya mtoto mdogo.

Mzee aliamka akiwa amekasirika. Aliposikia kwamba anapelekwa zahanati kwa ajili ya kukoroma, hasira zikazidi. Akadai vidonge vyake, lakini Hulkar alikuwa amevitia mfukoni, na sasa alisimama uani, miguu ameitanua na mkono mfukoni.

"Sikupi, babu. Nipige ukitaka. Nitavitoa mbele ya daktari."

Polvon alimwangalia miguu, kisha akamwangalia uso. "Huyu kasimama kama mimi," alinung'unika, akaenda kutafuta kofia yake.

Daktari Mahfuza alimsikiliza Hulkar mpaka mwisho, kisha akamgeukia mzee. "Babu, inaonekana koo lako linajifunga ukilala. Kila likijifunga, mwili unakuamsha kidogo upate hewa, ndiyo maana unaamka umechoka. Sasa dawa hizi zinaweza kulilegeza koo zaidi na kuuzuia mwili usikuamshe. Ungeniambia unakoroma, nisingekupa. Na mimi nilipaswa kukuuliza."

Alichukua vidonge, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Termiz akapimwe akiwa amelala. Akamwambia pia asilale chali, kwa kuwa koo lake hujifunga zaidi akilala hivyo.

Mzee alicheka mpaka machozi. "Miaka yote hii hakuna mwanamume aliyenilaza chali," alisema, "kumbe kila mchana nalazwa na koo langu mwenyewe."

Termiz walithibitisha ugonjwa wake, wakampa mashine ndogo yenye barakoa ya kumpulizia hewa puani. Aliibeza kwanza, kisha akaivaa, na baada ya wiki chache kichwa hakikumgonga tena. Kwenye harusi iliyofuata alikuwa mwamuzi kutwa nzima bila kusinzia. Kijana mmoja akamtania mbele ya watu kwamba amesikia mkoromo wa Polvon umefariki.

"Umefariki, nami nipo," alijibu Eshmurod. Akamwita Hulkar, akamsimamisha katikati ya uwanja, pale wanaposimama washindi. "Mtazameni vizuri. Nilimnyima daktari habari kwa sababu ya kiburi, na dawa yake nusura iniue. Mkienda kwa daktari, semeni yote, hata yale mnayojivunia. Na nyumbani kwangu, kuanzia leo, mtoto akiona mzee hapumui, amwamshe. Adabu tutaizungumza akishavuta pumzi."