Safari Isiyoagwa

Mashine ilikoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Jawaher aligeuka nyuma akaona kamba za tiara zimejizonga kwenye panga la mashine mpaka zimekuwa fundo moja gumu. Alijua kosa ni lake. Nduguye, Hamzah, alimpigia kelele kutoka majini azime mashine kabla hajamkaribia, na yeye kwa pupa ya kumwokoa akazidi kuiongeza moto.

Hamzah alijivuta kwa viwiko akapanda ndani ya faiba, boti yao ndogo, maji yakimchuruzika juu ya suti nyeusi ya mpira iliyomfunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Alilala kifudifudi akihema. Baada ya muda alinyoosha mkono.

"Kisu."

Walikata kamba kwa zamu, mmoja akimshika mwenziwe miguu asitumbukie. Nyingine zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na chuma. Walipofika chini waliona pini inayoshika panga imekatika, na ya akiba hawakuwa nayo. Upepo wa kusi, uliokuwa mpole walipotoka, sasa ulikuwa unavuma kwa hasira, ukiwatoa kwenye mdomo wa ghuba ya Micheweni na kuwapeleka kaskazini, kusiko na ardhi ya karibu. Jawaher alitupa nanga. Kamba yake ilikwisha yote na nanga haikugusa chini.

Kilichomleta Jawaher, mwalimu wa skuli ya Jadida, baharini ni mji wa baridi. Hamzah alikuwa akifundisha wageni kuchezea tiara kwenye hoteli moja ya Unguja: ubao miguuni, tiara kubwa angani, upepo ukuvute juu ya maji. Mgeni mmoja aliupenda ufundi wake, akamwalika akafundishe kwenye mji mdogo wa pwani, kusini kabisa mwa Afrika. Bahari ya huko, alisema, inauma meno, na mtu haiingii bila suti nene. Akamtumia na suti yenyewe. Hamzah alitaka kuizoea kabla ya safari, kwa sababu alisikia inabana kifua. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walikuwa wakija Micheweni na faiba ya ami yao Suhail, aliyekuwa Mombasa kwa matibabu. Hamzah alipanda ubao wake, Jawaher akamfuata kwa mashine, amsaidie jambo likitokea.

Mipango yote ilikuwa ya Jawaher. Pasipoti, viza, tiketi ya ndege, miezi ambayo bahari ya kule huwa na ghadhabu, hata soksi. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyefikiri kuwa angeweza kukataa. Ukoo wao ulikuwa hivyo: harusi ni Jawaher, maziko ni Jawaher, mgonjwa wa kupelekwa Unguja ni Jawaher. Mtu akishaonekana ana mgongo, hakosi wa kumtwika. Alikuwa amechoka tangu kabla ya Ramadhani, na uchovu wenyewe aliuficha.

Kwani kipi hakikufichwa? Safari haitangazwi, jicho la mtu lina sumu, kila Mpemba analijua hilo. Na tangu vyama vingi viingie, hasa baada ya uchaguzi kurudiwa, jirani hali tena pilau la jirani, na watu wamezoea kufunika hata chungu cha mchuzi. Ndugu hao hawakumwambia hata mama yao, Bi Umkulthum. Yeye alijua wanawe wako Wawi, wanasimamia uchumaji wa karafuu. Ili uongo upate pa kukaa, Jawaher aliziacha simu zao zote mbili kwa shoga yake Kazija, huko huko Wawi. Kazija mwenyewe hakuambiwa wanakokwenda; mama akipiga, aseme wamo shamba. Na kutwa Kazija alisema hivyo. Kisiwa kizima hakikuwa na roho moja iliyojua kuwa Jawaher na Hamzah wako baharini.

Jawaher alilifikiria jambo hilo akiwa ameshika kasia, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Walikuwa na kasia moja tu. Alipiga maji upande huu, akahama, akapiga upande wa pili. Faiba ilizunguka kama kuku aliyechinjwa, kisha ikaendelea kule kule inakopelekwa na upepo. Minazi ya Micheweni ilikuwa imeshakuwa mstari mmoja mwembamba.

"Da Jawaher," Hamzah alisema, "n'na kiu."

Alimpa chupa ya maji. Alikunywa mafunda mawili, akayatapika yote. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, bila tone la jasho, na macho yake yalikuwa yanamtazama dada yake bila kumwona.

"Vua suti."

"Zipu haishuki. Nshajaribu."

Zipu ilikuwa mgongoni. Jawaher aliivuta kwa vidole, akaivuta kwa meno. Mchanga na chumvi vilikuwa vimeikaza. Mpira ule ulitengenezwa kumlinda mtu na maji ya barafu, na humo ndani, chini ya jua la Pemba, mtoto wa mama yake alikuwa anaiva. Alichukua kisu.

Hamzah aliuona. "Usiikate," alisema kwa sauti nzito ya mlevi. "Ukiikata sendi tena. Sina nyengine."

"Basi usende."

"Da Jawaher, tafadhali."

Jawaher alisita. Aliijua thamani ya suti ile, na alijua hakuna duka kisiwani lenye nyingine. Miezi yote ile ya kupanga ilikuwa imelala pale, imembana mdogo wake kifuani. Kisha Hamzah alianza kuzungumza na marehemu baba yao, akimwuliza kama mchele umeshatoka kwenye meli. Jawaher aliingiza kisu shingoni, ncha ikitazama nje, akachana mpaka kiunoni. Mpira ulifunguka, na joto lililotoka humo alilihisi usoni. Alimmwagia maji ya bahari, akalilowesha buibui lake akamfunika nalo. Alimtilia maji ya kunywa mdomoni kidogo kidogo, kwa kifuniko cha chupa. Kazi hiyo aliifanya bila kuangalia bahari, kwa kuwa bahari hakuwa na la kuifanya.

Hamzah alipomtambua tena, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeikata."

"Nimeikata."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka, na Jawaher alishukuru kuyaona, maana mwili uliokauka kabisa hauna machozi.

"Kigomasha iko wapi?" Hamzah aliuliza baadaye.

Jawaher alionyesha kwa kidevu. Magharibi, mbali, ncha ya kisiwa ilionekana na mnara wake wa taa, mwembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Tukiipita hiyo, tunakwenda Kenya bila pasipoti," Hamzah alisema.

"Pasipoti yako n'nayo nyumbani. Nimeificha kwenye sanduku la mama."

Alicheka kidogo, midomo ikampasuka. Kisha akamwambia la kufanya. Tiara, waliyoivuta ndani ya faiba, ilikuwa bado imejaa upepo kwenye mrija wake wa mbele, ila haina kamba za kuirusha. Basi isirushwe. Jawaher aisimamishe kwenye kasia, aifunge kwa kamba ya nanga, aishike kama tanga. Yeye Hamzah angelala nyuma na ubao wake majini, uwe usukani.

Jawaher alisimama, akaegemeza mgongo kwenye benchi na kuinua kitambaa kile. Upepo ulimpiga akaanguka. Akainuka, ukamwangusha tena. Mara ya tatu alijifunga kasia kiunoni kwa mtandio, akapanua miguu, na faiba ikaanza kwenda. Haikwenda vizuri. Ilikwenda upande kama kaa, lakini ilikwenda magharibi.

Mchana wote uliobaki aliushikilia upepo ule. Ngozi ya viganja ilichubuka, ikatoka, na kamba ikawa inateleza kwa damu. Mabega yaliwaka moto, kisha yakafa ganzi, na ganzi ilikuwa afadhali. Maji ya chupa yalikwisha.

"Juu kidogo," Hamzah alikuwa akisema. "Ilegeze. Haya, kaza."

Hakuwa na nguvu ya kumjibu. Katika kuchoka kule kulimjia hasira, hasira safi, ya yeye mwenyewe kuwa mtu wa kubeba kila kitu na kukaa kimya. Alitamani kulia na akaona kulia nako ni kazi.

Mawimbi yalianza kuvunjika mbele yao, meupe, kwa ngurumo. Ulikuwa mwamba wa Kigomasha, na bahari ilikuwa imekupwa.

"Utatupasua," Hamzah alisema.

"Na utupasue."

Wimbi liliwanyanyua likawabwaga. Ubavu wa faiba ya ami Suhail ulipasuka, maji yakaingia, na Jawaher akamshika nduguye kwapani kabla ya wimbi la pili. Waliburuzana juu ya mawe makali, wakianguka, wakinyanyuka, mpaka maji yakawafika magotini, kisha kwenye vifundo vya miguu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichokoa pweza mashimoni aliwaona, akatupa kijiti chake na kuwajia mbio. Jina lake Mwanamize. Hakuuliza chama wala ukoo.

"Kaeni papo hapo. Msinywe kwa pupa," alisema, akafungua kidumu chake cha maji.

Walipokunywa, Jawaher aliomba simu. Namba ya mama yake aliijua kwa moyo. Wanawake wengine wa pweza walikuwa wameshawazunguka, wanasikiliza.

"Mama, ni mie."

"Simu ya nani hii? Mko Wawi?"

"Hatuko Wawi. Tuko Kigomasha, tumetoka baharini. Faiba ya ami imevunjika. Wazima, mama, sote wazima."

Na hapo, mbele ya macho yote yale asiyoyajua, alimweleza. Mji wa baridi, tiara, suti, viza, ndege na mwezi wa kuondoka. Alitaja kila kitu kwa sauti, hakupunguza.

Bi Umkulthum aliongea kwa sauti ndogo.

"Mngekufa, mie ningekuwa nawatafuta mikarafuuni."

Jawaher alisikia mama yake akivuta pumzi, akipenga kamasi.

"Na huko anakotaka kwenda, kuna baridi kweli?"

"Kuna, mama."

"Basi asende kifua wazi. Nipe niseme naye."

Jawaher alimpa Hamzah simu. Hamzah alitikisa kichwa, akamwomba kwa macho amsemee, kama siku zote.

"Safari yako," Jawaher alimwambia. "Mweleze mwenyewe."

Aliweka viganja vyake vilivyochubuka juu ya magoti, akaegemea bega la Mwanamize, mtu asiyemjua, na kabla nduguye hajamaliza kutoa salamu, alikuwa ameshalala.